Alice Hamilton na swali moja linalookoa mapafu ya mafundi

Sakafu ya terazo inayong'aa, au ya zege lililosagwa mpaka unaona sura yako ndani yake, ni fahari ya jengo. Ukiingia benki, shule au hospitali mpya unaikanyaga bila kuifikiria. Lakini kabla haijang'aa, kuna mtu aliyesukuma mashine nzito juu yake saa baada ya saa, akiwa ndani ya wingu la vumbi jeupe. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, mume wako, kaka yako, au mwanao aliyemaliza kidato cha nne juzi na kupata kibarua cha saidia fundi.

Ndugu msomaji, wiki hii nakusimulia maisha ya daktari mmoja wa Marekani aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Anaitwa Alice Hamilton. Hakuwahi kuiona mashine ya kusaga sakafu kama tunazoziona leo kwenye maeneo ya ujenzi, lakini karibu kila madhara yanayompata fundi wa mashine hiyo, yeye na madaktari wa zama zake walikwisha kuyachunguza: vumbi la mawe, mtikisiko wa mikono, madini ya risasi na moshi wa injini. Ukiyajua maisha yake, utajua pia namna ya kujilinda.

Binti aliyetaka kuwa na manufaa

Alice alizaliwa tarehe 27 Februari 1869 jijini New York, akakulia Fort Wayne katika jimbo la Indiana, nyumbani kwa bibi yake mzaa baba. Familia ilikuwa na uwezo na vitabu vingi, na wasichana walisomeshwa nyumbani. Dada yake mkubwa, Edith, baadaye alipata sifa kwa vitabu vyake kuhusu Wagiriki wa kale. Mali ya familia ilipopungua, mabinti wale walijua kwamba kila mmoja lazima ajitafutie riziki. Alice alichagua udaktari kwa sababu rahisi: aliamini daktari anaweza kwenda popote duniani, hata kwenye mtaa wa maskini kabisa, na bado akawa na manufaa.

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, wakati ambapo daktari mwanamke alikuwa kitu cha kushangaza. Mwaka 1895 alikwenda Ujerumani pamoja na Edith kuongeza elimu. Huko waliruhusiwa kuhudhuria mihadhara kwa sharti kwamba wasionekane sana na wanafunzi wanaume. Alirudi nyumbani na elimu nzuri ya vijidudu na ya tishu za mwili, lakini nafasi za kazi kwa mwanamke zilikuwa chache.

Mwaka 1897 alipata kazi ya kufundisha katika chuo cha udaktari cha wanawake jijini Chicago. Akapanga kuishi Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyoanzishwa na Jane Addams katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini, Waitaliano, Wagiriki, Wapolandi na Warusi. Aliishi humo miaka 22. Mchana alifundisha na kufanya utafiti. Muda uliobaki aliendesha kliniki ya watoto wachanga, akiwafundisha kina mama kuwaogesha watoto na kuwalinda na magonjwa.

Nzi, maji na fundisho la mapema

Mwaka 1902 homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi, ililipuka Chicago, na mtaa wa Hull House uliumia kuliko mitaa mingi. Alice aliangalia vyoo vya mashimo vilivyokuwa wazi, akakamata nzi na kuwapima, akakuta wamebeba vijidudu vya taifodi. Aliandika matokeo yake, akasifiwa sana, na idara ya afya ya jiji ikafanyiwa mabadiliko.

Baadaye ilijulikana kwamba nzi hawakuwa chanzo kikuu. Bomba lilikuwa limepasuka, maji taka yakaingia kwenye maji ya kunywa kwa siku kadhaa, na wakubwa wakaficha. Alice hakufurahia tena sifa zile, na kwa miaka mingi aliendelea kuwaeleza watu ukweli. Fundisho alilibeba maisha yake yote: unaweza kuona kitu kichafu mbele yako ukakifanya ndicho chanzo cha ugonjwa, kumbe chanzo chenyewe kiko mahali ambapo hukuulizia.

Nakuomba ulikumbuke jambo hilo tutakapofika kwenye kikohozi cha fundi.

Kutoka kliniki hadi kiwandani

Akiwa Hull House, Alice aliona jambo lililomsumbua. Wanaume wenye nguvu walirudi kutoka viwandani wakiwa wamepauka, matumbo yakiwasokota, viganja vikiwa vimelegea na kuning'inia. Madaktari waliwapa dawa ya tumbo na kuwaruhusu. Uingereza na Ujerumani zilikuwa na sheria na wakaguzi wa magonjwa ya kazini, ila Marekani suala hilo halikuwa na mwenyewe.

Gavana wa jimbo la Illinois aliunda tume ya kuchunguza magonjwa ya kazini, na mwaka 1910 Alice akapewa kuongoza uchunguzi wake. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mimi nami niko katika umri wa miaka arobaini na kitu, na hunitia moyo kujua kwamba kazi kubwa ya maisha yake ilianzia hapo.

Alianza na madini ya risasi, yaliyotumika kutengeneza rangi, betri, mabomba na mamia ya vitu vingine. Viwanda havikuwa na kumbukumbu za wagonjwa. Kwa hiyo alifuata njia ya miguu. Alisoma majalada ya hospitali, akaongea na wauza dawa, mapadri na wauguzi wa mitaani, kisha akagonga milango ya wafanyakazi nyumbani kwao. Alijua kwamba mbele ya msimamizi mfanyakazi atasema hana shida, kwa kuwa anaogopa kufukuzwa. Nyumbani, mkewe akiwa jikoni na watoto wakicheza, ukweli hutoka.

Kisa kimoja kinaonyesha faida ya njia hiyo. Mgonjwa mmoja alikutwa na sumu ya risasi, naye akasema kazi yake ni kupaka enameli kwenye mabafu ya kuogea. Alice alitembelea kiwanda, akaonyeshwa chumba safi ambako mabafu yanamaliziwa, akakuta hakuna risasi ya kutisha. Alipochimba zaidi aligundua kwamba kazi yenyewe ilifanyika mahali pengine, ambako wafanyakazi walinyunyiza unga wa enameli juu ya mabafu ya chuma yaliyokuwa mekundu kwa moto, na vumbi likajaa hewani. Alipata unga huo kupitia kwa mfanyakazi, akaupeleka kupimwa, na risasi ikaonekana.

Vumbi halikusababishwa na mikono michafu

Wenye viwanda wengi wa wakati ule walikuwa na jibu moja: mfanyakazi anaugua kwa sababu ni mchafu, hanawi mikono kabla ya kula. Alice alikubali kwamba kunawa ni kuzuri, lakini akaonyesha kwamba sumu nyingi haikuingia kwa mdomo. Iliingia kwa pumzi, kupitia vumbi na moshi ambao mfanyakazi hana namna ya kuukwepa kwa kuwa lazima apumue. Ikiwa hivyo ndivyo, basi dawa ni kuzuia vumbi lisiruke, na mwenye uwezo wa kufanya hivyo ni mwenye kiwanda.

Alimwambia jambo hilo Edward Cornish, kiongozi wa kampuni kubwa ya madini ya risasi. Cornish hakuamini, akamtaka alete ushahidi. Alice akarudi na kumbukumbu za wagonjwa 22 walioumizwa na risasi. Kwa sifa yake, bwana yule hakuendelea kubisha. Alianza kufunika mashine, kufyonza vumbi na kuwaajiri madaktari wa kuwapima wafanyakazi. Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria ya magonjwa ya kazini, na serikali kuu ikamtaka Alice afanye uchunguzi kama huo nchi nzima.

Tuje sasa kwenye sakafu. Zege ni saruji, mchanga na kokoto. Mchanga mwingi, na kokoto za aina nyingi, zina madini ya kwazi, ambayo kitaalamu ni silika. Zege likiwa limetulia halina neno. Mashine inapolisaga likiwa kavu, silika inageuka vumbi laini sana. Vumbi unaloliona likitua kwenye nyusi na mabega siyo lililo hatari zaidi. Hatari ni lile usiloliona, chembe ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, zinazopita pua na koo hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Zikifika huko mwili hauwezi kuziondoa zote. Mapafu yanaanza kujitengenezea makovu kuzizunguka, na pafu lenye makovu halitanuki. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi.

Kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza. Lakini vumbi likiwa zito sana, kama kusaga zege kavu ndani ya chumba kilichofungwa siku baada ya siku, unaweza kuja mapema zaidi. Katika miaka ya 1930 Marekani ilishuhudia hayo kwenye handaki la Hawk's Nest huko West Virginia, ambako mamia ya vibarua, wengi wao Weusi waliotoka mbali kutafuta kazi, walikufa baada ya muda mfupi wa kutoboa mwamba wenye silika bila kinga.

Silikosisi haina dawa ya kuiponya. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kovu likishaingia halitoki, na linaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Tiba yetu madaktari ni kupunguza mateso na kutibu magonjwa yanayofuata. Kinga peke yake ndiyo yenye nguvu.

Mikono iliyokufa ya Bedford

Januari 1918, baridi ikiwa kali, Alice alikwenda Bedford, Indiana, mji wa machimbo ya mawe ya chokaa yaliyojengea majengo mengi makubwa ya Marekani. Wachonga mawe walikuwa wameletewa nyundo zinazoendeshwa kwa upepo wa kompresa. Kazi ilikwenda haraka, ila wafanyakazi walilalamika kwamba vidole vyao vinakufa. Wapo waliosema ni visingizio.

Alice aliwapima asubuhi, kabla miili haijapata joto. Aliona vidole vyeupe kama vya maiti, visivyohisi kitu, na mara nyingi mkono wa kushoto, ule unaoshika patasi, ndio ulioumia zaidi. Karibu watu tisa kati ya kila kumi aliowapima walikuwa na tatizo hilo. Alihitimisha kwamba sababu ni mtikisiko wa chombo, ukichanganyika na baridi na kukikamata chombo kwa nguvu. Miaka 60 baadaye watafiti walirudi Bedford, wakakuta tatizo lile lile bado lipo. Ripoti nzuri isiyofanyiwa kazi haimponyi mtu.

Mashine ya kusaga sakafu nayo hutikisa mikono, na grenda ya mkononi hutikisa zaidi. Kwetu, ambako joto ni jingi, vidole haviwi vyeupe mara kwa mara kama vya Bedford, na kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kirahisi. Kinachokuja ni ganzi, kuchomachoma kama sindano, na mkono kukosa nguvu ya kufunga vifungo au kushika kikombe. Kwenye baridi ya Njombe au Mbeya asubuhi, dalili huzidi. Ukiona ganzi inakuamsha usiku, usingoje mkono ufe kabisa.

Tofauti na mawe ya chokaa ya Bedford, mawe ya graniti yana silika nyingi. Huko Barre, Vermont, mji wa wachonga graniti, nyundo zile za upepo zilizidisha vumbi, na wanaume wengi wakafa kwa maradhi ya kifua, hasa kifua kikuu kilichopanda juu ya silikosisi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 viwanda vya Barre viliweka mitambo ya kufyonza vumbi pale pale chombo kinapogusa jiwe. Kwa wafanyakazi walioanza kazi baada ya hapo, ugonjwa ulikaribia kutoweka. Jiwe lilikuwa lile lile, na ufundi ule ule. Kilichobadilika ni vumbi kutofika puani.

Harvard, petroli na miaka ya mwisho

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilihitaji mwalimu wa magonjwa ya kazini, na hakikupata mwanamume aliyejua somo hilo kuliko Alice Hamilton. Akawa mwanamke wa kwanza kufundisha chuoni hapo. Lakini aliwekewa masharti: asiingie kwenye klabu ya walimu, asidai tiketi za mechi za mpira, na asiketi jukwaani siku ya mahafali. Alifundisha hadi mwaka 1935 bila kupandishwa cheo hata mara moja.

Aliandika pia kuhusu gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua kimya kimya. Mwaka 1925 alitoa kitabu kikubwa kuhusu sumu za viwandani, na mwaka huo huo akapinga hadharani kuwekwa risasi kwenye petroli. Alishindwa. Risasi ile, ambayo huharibu ubongo wa mtoto anayekua, iliendelea kutoka kwenye magari duniani kote. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Ilichukua miaka 96 kumsikiliza mwanamke yule.

Alistaafu na kuishi Hadlyme, Connecticut, akiwa bado mshauri wa serikali na mwandishi. Alifariki tarehe 22 Septemba 1970 akiwa na umri wa miaka 101. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba 1970, Marekani ilitia saini sheria ya usalama na afya kazini kwa nchi nzima. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na wakala wetu wa OSHA ndio unaoisimamia.

Alice angefanya nini kwenye jengo letu?

Nadhani angeingia kwenye jengo linalosagwa sakafu, asimame, aangalie hewa dhidi ya mwanga wa dirisha. Kisha angeuliza maswali haya, ambayo nawe unaweza kuyauliza.

Je, vumbi linazuiwa linapotoka? Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kusaga kwa maji, kama mafundi wengi wa terazo wanavyofanya siku zote. Ya pili, pale maji yasipowezekana, ni mashine yenye kifuniko kinachogusa sakafu pande zote, iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha chembe ndogo sana. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani haifai, maana hulitoa vumbi laini upande wa pili.

Je, usafi unafanywaje? Kufagia vumbi kavu kwa ufagio, au kulipuliza kwa kompresa, ni kulirudisha hewani. Lowesha au fyonza. Tope la kusagia lizolewe likiwa bado bichi, kwani likikauka linakuwa vumbi tena. Tope hilo pia huchoma ngozi kama saruji mbichi; vaa buti na glovu za mpira, na ukirukiwa nawa mara moja kwa maji mengi.

Je, barakoa ni ya aina gani? Kitambaa, leso au barakoa nyepesi ya hospitali havizuii silika. Inatakiwa barakoa ya kuchuja chembe ndogo, ile ya kiwango cha N95 au zaidi, iliyobana uso bila mwanya. Ndevu huvunja mbano huo. Barakoa iliyolowa au kuchakaa ibadilishwe. Na kumbuka, barakoa ni ngao ya mwisho. Mwajiri anayegawa barakoa tu, bila maji wala kifyonza vumbi, amemtupia fundi mzigo wote.

Je, umeme na injini ni salama? Maji na waya uliochubuka havikai pamoja. Nyaya zisilazwe kwenye maji, mashine iwe na waya wa ardhini, na kuwe na swichi inayokata umeme hitilafu ikitokea. Mashine au jenereta ya petroli isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa hata kidogo. Fundi akipata ghafla kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu akiwa karibu na injini, atolewe nje kwenye hewa safi na apelekwe hospitali.

Je, mashine imekaguliwa? Diski iliyopasuka inaweza kuruka vipande. Kabla ya kuibadilisha, zima mashine na chomoa waya, na usiinue kichwa cha mashine kikiwa kinazunguka. Vaa miwani ya kukinga macho, viatu vigumu, na nguo zisizoning'inia. Kama lazima upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, basi kelele imezidi na masikio yanahitaji vizibo. Pokezaneni mashine, ili mikono ya mtu mmoja isitikiswe siku nzima. Na kama sakafu ni ya zamani na ina rangi, chukulia kwamba rangi hiyo inaweza kuwa na risasi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Wewe mzazi na mwenzi

Alice aligonga milango ya nyumba kwa sababu ugonjwa wa kazini hauishii kazini. Vumbi hurudi nyumbani kwenye nywele, viatu na nguo. Baba akimbeba mtoto kabla ya kubadilisha nguo, mtoto analivuta. Mama akizikung'uta nguo uani kabla ya kuzifua, naye analivuta. Fundi abadilishe nguo kazini na kuoga ikiwezekana. Nguo za kazi ziwekwe kwenye mfuko, ziloweshwe kwanza bila kukung'utwa, na zifuliwe peke yake.

Kama mwanao amepata kibarua cha ujenzi, usimuulize malipo peke yake. Muulize anasaga kwa maji au kavu, amepewa barakoa gani, na wenzake waliomtangulia wako wapi leo. Kijana wa miaka 19 haogopi ugonjwa utakaomfika akiwa na miaka 35. Wewe unaweza kuuogopa kwa niaba yake.

Mwambie daktari kazi yako

Kwenye chumba cha daktari, kijana anayekohoa kwa miezi mara nyingi amekwisha kunywa dawa za kikohozi na antibayotiki kadhaa. Ukimuuliza kazi, anasema ni fundi. Jibu hilo halitoshi. Fundi wa nini? Anatumia mashine gani, kwa muda gani, na vumbi linakwenda wapi? Kwenye maswali hayo ndipo ugonjwa hujitaja wenyewe. Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Mwambie daktari kwamba unasaga sakafu, unakata vigae, unachonga mawe au unafanya kazi mgodini, na umefanya kwa miaka mingapi, hata kama uliacha zamani.

Nenda hospitali ukiwa na kikohozi kinachozidi wiki mbili, kubanwa pumzi unapopanda ngazi ulizokuwa ukipanda bila shida, maumivu ya kifua, kupungua uzito, homa za jioni, kutokwa jasho usiku au kukohoa damu. Silika hudhoofisha ulinzi wa mapafu, na aliyeivuta kwa muda mrefu hupata kifua kikuu kirahisi kuliko mwenzake, zaidi kama anaishi na virusi vya UKIMWI au anavuta sigara. Tumewaona wachimbaji wadogo wa tanzanite wa Mirerani wakiubeba mzigo huo. Kupima na kutibu kifua kikuu hapa nchini ni bure. Lakini ukimaliza dozi na pumzi bado inabana, usikubali kuambiwa tu kwamba umepona. Omba eksirei na kipimo cha kupuliza kinachoonyesha uwezo wa mapafu, na useme tena kazi yako.

Ukithibitika kuwa na ugonjwa uliotokana na kazi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa. Tunza karatasi zako za vipimo, na andika mahali ulikofanya kazi na miaka yake. Vibarua wengi huhama jengo hadi jengo, na miaka kumi ikipita hakuna anayekumbuka nani alisaga sakafu ipi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema pia kuuliza si ujinga. Alice Hamilton alijenga taaluma nzima kwa kuuliza wanaume na wanawake kile wanachofanya kwa mikono yao kutwa nzima. Siku utakapokwenda hospitali na daktari akasahau kukuuliza, anza wewe.